Hamsini na Mbili Kutoa Ishirini na Saba

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze shule ndogo kama yetu inavyofundisha masomo ya msingi kwa vitendo na kwa kumfuata mtoto mmoja mmoja. Nitaanza na hesabu moja ya kutoa, na huenda nisifike mbali sana kutoka hapo.

Msichana wa miaka minane alihamia kwetu katikati ya mwaka. Nikamwandikia 52 kutoa 27. Akaandika 35, upesi, kwa mwandiko safi. Nikampa 61 kutoa 38, akaandika 37. Walimu mnaotabasamu mmeshaelewa: kila safu alichukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa, iwe juu au chini. Hakuwa anabahatisha. Alikuwa na kanuni yake na aliifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyozifuata zetu. Darasa kubwa lingempa vikosa viwili vyekundu na maneno "ongeza bidii". Bidii alikuwa nayo. Angeiongeza, angekosea haraka zaidi.

Nikamwekea mezani vijiti vitano vya shanga, kila kijiti shanga kumi zilizotungwa kwenye waya, na shanga mbili za peke yake. Nikamwambia, "Nipe ishirini na saba." Akanipa vijiti viwili. Kisha akazitazama zile shanga mbili, akanitazama mimi, akazitazama tena. "Hazitoshi." Nikanyamaza. Kunyamaza hapo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu, na mimi bado sijaimudu vizuri. Akashika kijiti kimoja akajaribu kuchomoa shanga kwa kucha. Waya ukakataa. Mwisho akauliza, "Naweza kukibadilisha?" Tuna sanduku la kubadilishia ambalo watoto wenyewe wanaliita benki. Akaenda, akarudi na shanga kumi mkononi, akahesabu saba akanipa. Akabaki na vijiti viwili na shanga tano.

Nikafurahi, nikampa penseli aandike hesabu ileile. Akaandika 35.

Hapa ndipo shule nyingi za aina yetu zinapojidanganya, na sisi tulijidanganya kwa muda mrefu. Tunadhani mkono ukishajua, kichwa nacho kimejua. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha utafiti wa watoto wa miaka miwili na nusu na wa miaka mitatu. Aliwaonyesha kidoli kikifichwa ndani ya mfano mdogo wa chumba, kisha akawaambia watafute kidoli kikubwa kinachofanana nacho mahali palepale katika chumba halisi. Wale wa miaka mitatu wengi walikipata. Wale wadogo walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri kidoli kidogo kilipofichwa. Kwao ule mfano ulikuwa kitu cha kuchezea tu. Haukuwa ishara ya kitu kingine. Mtoto wa miaka minane amevuka hatua hiyo kwa vidoli, lakini kwa shanga na tarakimu anaweza kuwa hajavuka. Shanga ni mchezo wa mezani, tarakimu ni mambo ya daftari, na hakuna aliyemwambia kwamba ni habari moja.

Kwa hiyo tulibadilisha utaratibu. Kila mkono unapofanya jambo, penseli inaliandika papo hapo. Sasa tunaanza na mamoja. Amepeleka kijiti benki? Akate ile 5 ya makumi aandike 4, na mamoja yawe 12. Siku chache baadaye tukafunika shanga kwa kitambaa: anawaza, anaandika, kisha anafunua kuhakiki. Baadaye kidogo shanga zikarudi kabatini. Ilichukua wiki tatu. Neno "kukopa" tuliliacha kabisa, kwa sababu katika hesabu hii hakuna anayekopa wala anayelipa deni. Kumi moja imevunjwa, basi.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kututajia, kwa kuwa ni chetu. Tunasema "hamsini". Mtoto anasikia wapi tano ndani ya hamsini? Sitini, sabini na tisini zinajieleza, kwa kuwa sita, saba na tisa zilitoka Kiarabu kama makumi yake. Lakini mbili na ishirini, tatu na thelathini, nne na arobaini, tano na hamsini, nane na themanini, hizo mtoto lazima azikariri kama majina ya watu. Ndiyo maana mezani kwetu kwa majuma ya kwanza tunasema "makumi matano na mbili". Mzazi mmoja alilalamika kwamba tunamharibia mtoto Kiswahili. Nilimwelewa. Lakini yule msichana aliposema kwa sauti "makumi matano na mbili, toa makumi mawili na saba", alisimama mwenyewe kwenye ile mbili, bila mimi kunyoosha kidole.

Shanga si uvumbuzi wetu. Maria Montessori, daktari aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, ndiye aliyezifanya maarufu: shanga moja, kijiti cha kumi, bapa la mia, mchemraba wa elfu. Pia herufi za karatasi ya msasa, ambazo mtoto anazipapasa kwa vidole kabla ya kuziandika. Sisi tumechukua tulichokihitaji tukaacha mengine, na wafuasi wake waliopo hapa watanisamehe.

Twende kwenye lugha. Ngeli tunazifundisha kwa kadi. Mtoto anapanga: ki-tabu ch-angu ki-mepotea, kila kiambishi kwenye kadi yake. Kisha anaambiwa vitabu viwe vingi. Analazimika kuondoa kadi tatu, si moja, na hapo mkono unaona kwamba nomino inazivuta nyenzake zote. Siku moja mvulana akaondoa "kitabu" akaweka "kifaru": kifaru changu kimepotea. Wenzake wakacheka. Akakasirika: "Si kinaanza na ki?" Kanuni nilikuwa nayo mdomoni. Badala ya kuitamka, nikawapa kadi zaidi: kiti, kijana, kiatu, kiongozi, kipofu, kisu. Wakazigawa mafungu mawili, wakabishana, mpaka mmoja akasema, "Hivi vinapumua." Wakaandika kanuni kwa maneno yao. Dakika mbili baadaye yule yule mvulana, ambaye hakuwa amesahau kuchekwa, akauliza: na kifaru cha vita je? Kinapumua? Fungu la tatu likazaliwa, la neno moja.

Angalieni kwamba somo hilo walilifanya watoto watano pamoja. Nalisema kwa sababu tulipoanza nilidhani kumfuata mtoto mmoja mmoja maana yake ni kila mtoto na ratiba yake, meza yake, kimya chake. Niliandika mipango 12 kila Jumapili usiku. Baada ya miezi miwili nilikuwa na watoto 12 walioonekana kama makarani, kila mmoja na faili lake. Mbaya zaidi, mmoja wao alikuwa amekwepa kuzidisha kwa miezi yote hiyo. Kila siku alichagua kuchora ramani, ramani nzuri kweli, nami nikazisifu na kuzibandika ukutani. Nilikuwa nafuata anachopenda, sikuwa nafuata anachokijua.

Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake binafsi, asivuke hatua kabla hajaimudu, aliwapita takriban asilimia 98 ya wanafunzi wa darasa la kawaida la watu kama 30. Takwimu hiyo inapendwa sana kwenye vipeperushi vya shule ndogo. Tafiti zilizofuata zilipata faida, lakini ndogo kuliko hiyo. Na hata Bloom hakusema tuajiri mwalimu kwa kila mtoto. Aliuliza ni njia gani ya kufundisha kundi inayoweza kukaribia matokeo hayo. Hesabu yetu ni hii: watoto 12, dakika 10 kwa kila mmoja, ni saa mbili. Katika hizo saa mbili wengine 11 lazima wawe na kazi inayojisahihisha yenyewe, au mwenzao mkubwa wa kuwasaidia. Kazi hiyo isipoandaliwa tangu jana yake, zile dakika 10 hazipo.

Na katika dakika 10 simuulizi mtoto anajifunza kwa macho au kwa masikio. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za jambo hilo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha wa kugawa watoto kwa mitindo hiyo. Namuuliza mambo mawili: "Umefikaje hapa?" na "Unajuaje?" Jibu naliandika mbele yake, kwenye daftari ambalo yeye pia anaruhusiwa kulisoma.

Sayansi nitaipita haraka, muda unanikimbiza. Tunapima, tunaandika tulichotarajia kabla ya kupima, na hatufuti tulipokosea.

Najua swali linalokuja ni la mtihani. Ndiyo, watoto wetu wanafanya mtihani uleule, kwenye karatasi, bila shanga. Ndiyo maana nimetumia muda wote huu kwenye safari ya kutoka mezani hadi kwenye daftari.

Kule nyuma kuna meza mbili zenye shanga na sanduku la benki. Kabla ya maswali, naomba kila mzazi akajaribu 403 kutoa 158 bila penseli. Mkifika kwenye ile sifuri mkashindwa mbadilishe nini, msiwaulize walimu. Yule msichana amekaa pale kando ya sanduku, na ameniahidi hatasema kitu.