Jiko Likitoa Moshi, Anza na Kuni

Assalaam aleikum wana Tanga, shikamooni wazee wetu. Leo hakuna theluji wala maduka. Tangu niweke ile video ya jiko langu la kuni hapa Yorkshire, Uingereza, meseji zinazoingia ni za moshi tu. Wapo waliojengewa majiko ya udongo yenye bomba, Pongwe mpaka Muheza, wanapika machozi yanawatiririka. Shangazi yangu wa Makorora ameshasema fundi kamwibia na jiko analivunja. Shangazi, weka nyundo chini kwanza.

Sogeeni. Hili langu ni la chuma, lina mlango wa kioo na dohani inayopanda mpaka juu ya paa. La shangazi ni la udongo, la matundu mawili. Ugonjwa wao mmoja: kuni na hewa. Fundi mtamtukana baadaye.

Tazama kipande hiki. Nakigonga na mwenzake... umesikia? Kinalia ngo, na huku mwishoni kimepasuka nyufa. Hiki kingine nimekiomba kwa jirani, kinalia du. Nakichoma na kipima unyevu, haya, unyevu asilimia 34. Mti ukitoka kukatwa, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukiutia jikoni, moto unaanza kuchemsha hayo maji kabla haujakufaa wewe. Moshi nao unapanda umepoa, unaganda ndani ya dohani, unakuwa lami nyeusi iitwayo kreosoti. Lami hiyo inaziba njia, na siku ikishika moto, dohani inanguruma mpaka juu na nyumba inaweza kwenda nayo. Na huku, kwa ajili ya moshi unaochafua hewa, tangu Mei 2021 mafungu madogo ya kuni, yasiyofika mita za ujazo 2, hayauzwi yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 20. Bei yake inauma, sitawaficha.

Sasa nyie mnakata mwembe Jumamosi, Jumapili uko jikoni. Tena masika, kuni zimelala chini uani! Pasueni kuni zingali mbichi, zipangeni juu ya magogo au matofali, bati juu, ubavuni wazi upepo upite. Hewa ya pwani ina maji, kwa hiyo msihesabu wiki, hesabuni miezi. Vifuu vikavu vinawaka vizuri sana. Makumbi yaliyolowa ni moshi mtupu. Na mikoko iacheni baharini, jamani.

Hewa. Huku watu wanabana tundu la hewa ili kuni ziishe polepole, halafu wanashangaa kioo kimekuwa cheusi. Moto uliobanwa hauwaki vizuri, unatoa masizi. Kioo chenyewe hakitaki dawa ya dukani: jiko likipoa, lowesha gazeti, chovya kwenye majivu laini, sugua. Bibi zetu walisafisha masufuria hivyohivyo. Mlango nao naupima kwa karatasi. Naibana hivi, nafunga, navuta. Ikitoka bila kugoma, ile kamba ya kuziba pembeni imechoka, hewa inaingia isipotakiwa. Unanunua kamba mpya na gundi ya kuhimili moto, basi.

Na ukiwasha asubuhi ya baridi moshi ukakurudia usoni, dohani imejaa hewa baridi nzito. Fungua dirisha kidogo, washa karatasi moja karibu na mdomo wa dohani ipate joto, ndipo uwashe kuni.

Turudi Makorora. Shangazi, kwenye video ya jiko lako niliona mambo matatu. Mdomo wa jiko umeujaza magogo mpaka hewa haina pa kupita. Weka vijiti vyembamba, usukume kadiri vinavyoungua. Sufuria ni dogo kuliko tundu, moshi unatokea pembeni. Zungushia udongo wa kichuguu tundu lilingane na sufuria unalopikia kila siku. Halafu bomba. Limeishia chini ya kipeo cha paa, upepo wa kusi ukipiga paa unausukuma moshi urudi ndani. Lipandishwe lipite kipeo. Na lisafishwe, jiko likiwa baridi kabisa: brashi ndefu kutoka juu, gunia chini, kitambaa puani. Langu fundi wa dohani hulisafisha kila mwaka, lakini la kupikia kila siku halisubiri mwaka. Ukiona moto umekuwa mzito kushika, safisha.

Majivu, tieni kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, iwekwe nje, mbali na makuti. Kaa likifukiwa na majivu linaweza kukaa hai siku kadhaa.

Nyie wa Lushoto, najua Juni na Julai baridi yenu si ya mchezo. Jiko la mkaa lisiingie chumbani mlalapo, hata kama mkaa umeiva na hautoi moshi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, unalala nayo huamki. Mimi king'ora chake kipo pale ukutani, na nakijaribu kila mwezi.

Shangazi, kabla ya kumwita fundi nitumie video ya bomba, ila upande wa juu, pale linapopita kwenye makuti. Kama chuma kinagusa makuti, usiwashe leo. Pikia kwa jirani.