"Angavu" si jibu la kila swali

Ndugu walimu na wafasiri wenzangu, mnaonifahamu hapa Moshi mlishajua nimekuja na neno gani. Ni lile lile: vivid, neno la Kiingereza ambalo wengi wetu hulifasiri "angavu", liwe la rangi, la kumbukumbu au la ndoto. Juzi nimesahihisha kazi nikakuta "ndoto angavu". Ndoto angavu! Kwani ni taa hiyo?

Nendeni soko la Memorial, msimame kwenye mitumba dakika tano. Mama kashika blauzi nyekundu, anauliza, "Hii haitachuja?" Muuzaji anamjibu, "Mama, rangi imekolea hiyo, ione inavyowaka." Wa pembeni anasema yeye anataka iliyopoa. Kukolea, kuwaka, kuchuja, kupoa: yote hayo kwenye blauzi moja, na hakuna aliyetamka angavu. Tena hatujafika kwenye pyu! Nyekundu pyu. Nyeusi tititi. Asubuhi mawingu yakifunguka, mtu wa hapa hasemi theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni angavu. Anasema mlima umetoka, mweupe pe.

Najua wapo watakaosema pe na pyu ni maneno ya kusemwa tu, hayafai kuandikwa. Nani kayakataza? Tanakali hizi zina nidhamu kuliko sifa nyingi. Pe haimkubali mweusi, pyu haimkubali mweupe. Mfasiri anayeziacha anatupa kifaa alichozaliwa nacho.

"Lakini mwalimu, kamusi imeandika angavu." Sawa. Angavu ni ndugu wa anga na mwangaza: ni la kitu king'aacho, au kinachopitisha nuru kama maji ya chemchemi ya Chemka. Vivid halikuanzia kwenye nuru. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini cha kuishi, na Kiingereza kililipokea karne ya 17. Kwa hiyo nyekundu ya damu ya mzee, isiyong'aa hata kidogo, Mwingereza anaweza kuiita vivid. Anachokiona ni uhai wa rangi.

Naona mshika saa amesimama, basi haraka. Kumbukumbu: "naikumbuka kama jana", au "bado mbichi". Ndoto: "niliota kama kweli". Masimulizi yangehitaji saa nzima, nayaacha.

Sasa chukueni kalamu. Kila mmoja amtazame jirani yake, aandike rangi ya nguo aliyovaa mpaka mimi niliye huku mbele niione. Angavu hairuhusiwi.