Ubaguzi Usiohitaji Mwenye Chuki

Mabibi na mabwana,

Likitajwa neno ubaguzi, wengi wetu humfikiria mtu mwenye chuki, yule anayetukana, anayefukuza, anayekataa kuketi karibu na mwenzake. Mtu huyo yupo, na madhara yake tunayajua. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba sehemu kubwa ya ubaguzi wa zama zetu haimhitaji kabisa, na kwamba tukiendelea kumsaka yeye peke yake tutawaacha bila msaada watu wengi wanaoumia.

Dhana mbaya ni jambo la moyoni: ni kumhukumu mtu kwa kundi lake kabla hujamjua. Ubaguzi ni tendo: ni kumnyima mtu nafasi, huduma au heshima ambayo mwingine aliye katika hali ileile angepewa. Tumezoea kudhani kwamba tendo hilo daima huzaliwa na dhana hiyo, lakini mambo si mepesi hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa imeenea nchini humo. Katika hoteli na mikahawa 251 waliyoingia, walikataliwa mara moja tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye sehemu hizohizo akiwauliza kama wangewapokea wageni wa Kichina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Ni kweli kwamba aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyewapokea wageni mlangoni. Hata hivyo jambo moja linabaki wazi, kwamba dhana mbaya inaweza kuwepo bila tendo.

Kinyume chake ndicho kinachonisumbua zaidi, yaani tendo lisilo na chuki inayoweza kuonyeshwa. Katika kituo kimoja cha kampuni ya umeme ya Duke Power, huko North Carolina, Marekani, wafanyakazi weusi walikuwa wakiwekwa katika idara moja tu, ambako aliyelipwa vizuri kuliko wote alipata chini ya mzungu wa mshahara mdogo kabisa katika idara nyingine za uendeshaji. Julai 1965, sheria iliyokataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni iliweka sharti la kufaulu mitihani ya jumla, juu ya lile la cheti cha sekondari lililokuwepo. Kwenye karatasi masharti hayo yalimhusu kila mtu. Lakini weusi walikuwa wamesomeshwa katika shule duni zilizotengwa kwa rangi, ilhali wazungu walioajiriwa zamani bila cheti wala mtihani waliendelea kuzifanya kazi zilezile bila tatizo. Mahakama za chini hazikuona nia ya kubagua. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba nia njema haimwokoi mwajiri: sharti linalolifungia kundi fulani nje, ilhali halihusiani na uwezo wa kuifanya kazi yenyewe, ni marufuku. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi wa rangi, uliopitishwa Desemba 1965, nao ulikuwa umesema kwamba tendo huwa la kibaguzi kwa lengo lake au kwa matokeo yake.

Leo masharti ya namna hiyo yamehamia ndani ya kompyuta. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa programu iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Programu hiyo haikuulizwa rangi ya mtu. Ilikadiria gharama za matibabu zijazo, ikachukulia kwamba anayegharimu zaidi ndiye mgonjwa zaidi. Lakini fedha zilizokuwa zikitumika kumtibu mgonjwa mweusi zilikuwa kidogo kuliko za mzungu mwenye maradhi yaleyale, kwa sababu weusi walikuwa na vizuizi vingi vya kuifikia huduma. Kwa hiyo mweusi alilazimika kuugua sana ndipo apewe alama sawa na mzungu. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, weusi wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5 ya wanaoteuliwa kusaidiwa. Hebu fikirieni: katika mlolongo mzima huo huenda hakuna hata mmoja aliyemchukia mgonjwa yeyote, na bado wagonjwa walikosa haki yao.

Na mwenye kukosa hajui. Zamani aliyefukuzwa mlangoni alimwona aliyemfukuza. Leo mwombaji wa kazi hupokea ujumbe wa mistari miwili, au asijibiwe kabisa, na hana njia ya kujua ni nani aliyechukuliwa badala yake wala kwa kigezo gani. Tukimtaka athibitishe kilichokuwa moyoni mwa mwajiri, tumemnyima haki mara ya pili. Ndiyo maana nayathamini sana maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu usawa wa watu bila kujali rangi au asili, yanayosema kwamba, katika kesi za madai, mlalamikaji akishaonyesha mambo yanayoashiria ubaguzi, ni juu ya mlalamikiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Majina ya waombaji wote, alama zao na sababu za kuwakataa vimo mikononi mwa mlalamikiwa, naye ndiye anayepaswa kuvileta mbele ya hakimu.