Diski Ikifa, Usikimbilie Kuichomoa

Assalaam aleikum. Mlioko nyuma sogeeni mbele, feni hii haifiki huko.

Nianze na aibu yangu. Niliwahi kuitwa ofisi moja ya kutoa mizigo, upande wa Kilindini. Seva yao ilikuwa na diski nne za terabaiti 4, RAID 5, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama diski moja, na moja ikifa data haipotei. Moja imekufa. Kompyuta ikaniambia mbovu ni nambari 2. Nikahesabu kwa kidole, moja, mbili, nikachomoa. Mara nasikia kelele chumba cha pili: mfumo umelala! Kumbe mashine ile huanza kuhesabu na sifuri, na nambari 2 ilikuwa ya tatu. Nimeng'oa jino zima, bovu nimeliacha.

Balaa lake ni hili. Chukueni wauza madafu watatu wa Mwembe Tayari, kila mmoja na daftari lake la mauzo, na wa nne kazi yake kuandika jumla. Daftari moja likipotea, mnatoa ya wale wawili kwenye jumla, mnapata la aliyepoteza. Yakipotea mawili, hamna hesabu tena. Kwenye RAID 5 hesabu yenyewe si ya kujumlisha hasa, na ile "jumla" haikai diski moja, huzungushwa zote. Lakini mwendo ndio huo. Patterson, Gibson na Katz, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliuandika 1988, diski kubwa zilipokuwa ghali mno.

Kwa hiyo usifuate nafasi, fuata siriali, ile nambari ya kiwandani ambayo kila diski ina yake. Amri ya smartctl itakusomea. Iandike kwenye karatasi, na ukishavuta diski uilinganishe na kibandiko chake kabla ya kugusa kingine chochote. Kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, unaitangaza mbovu kwa --fail, unaitoa kwa --remove, ndipo mkono uende. Mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ukishaiweka, --add.

Halafu ni kungoja. Kwa megabaiti 100 kwa sekunde, terabaiti 4 ni kama saa 11, na muda wote huo zile tatu zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Nazo aghalabu ni rika moja na marehemu: zimenunuliwa pamoja, zimepigwa na joto lile lile na hewa ile ile ya chumvi. Ya pili hupenda kufa hapo. Ndiyo maana mimi sianzi kabla ya kuona bakapu, tena niifungue faili mbili tatu kwa macho yangu. Na UPS iwe na betri ya kweli, stima ya hapa mnaijua.

Ile seva? Nilirudisha diski nzima mahali pake, nikaunganisha kwa --assemble --force, ikaamka. Nikatoa ile mbovu yenyewe, safari hii siriali nimeisoma mara tatu. Niliketi na kikombe cha kahawa mpaka ikapoa, macho kwenye mstari mmoja wa mdstat, ripoti ya hali ya diski: UU_U. Kila U ni diski iliyo kazini, kistari ni iliyokosekana. Saa mbili asubuhi kile kistari kikageuka U.