Kinywa cha Watu katika Nyimbo za Waromania

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa kuwa bado tunaambiwa kwamba doina, ule wimbo mrefu wa Waromania usio na mapigo ya kuhesabika, ni kilio cha mapenzi tu. Sikilizeni maneno yake. Mara nyingi mwimbaji hamlilii mpenzi aliyeondoka, bali analia na gura lumii, kinywa cha ulimwengu, yaani maneno ya watu, ambacho methali yao inasema hakizibwi ila na udongo.

Kinywa hicho hakikuwa fumbo. Katika vijiji vya Transylvania palikuwa na desturi ya strigarea peste sat, yaani kupaza sauti juu ya kijiji, hasa usiku wa kuamkia Kwaresima. Vijana wa kiume walipanda vilima vilivyotazamana, wakawasha moto, na mahali pengine wakaviringisha magurudumu yanayowaka hadi bondeni. Kisha kundi moja likauliza kwa sauti kuu na la pili likajibu: binti gani hajaolewa, nani mvivu wa kusokota, nani ameonekana na nani. Mfikirieni binti huyo aliyejifungia ndani, akilisikia jina lake likipita juu ya paa kutoka gizani, asimwone aliyelitamka. Hata akitoka nje, amjibu nani?

Najua yupo atakayeniuliza, je, umbea si uko kila mahali? Uko, lakini si kila mahali umetengewa kilima chake na usiku wake. Mwingine atasema kwamba hiyo ilikuwa njia ya kijiji kulinda maadili. Huenda ndivyo, ila nimechoka kuona habari hii ikisimuliwa kwa macho ya waliokuwa kilimani peke yao.

Aliyekuwa bondeni alibakiwa na doina. Aliweza kuiimba akiwa peke yake, malishoni au mikono ikisokota, na mara nyingi aliianza kwa kuliita jani, foaie verde, jani bichi. Nami naamini alilichagua jani kwa sababu halipeleki habari kwa mtu. Huko Maramureș, kaskazini mwa Romania, ambako Béla Bartók, mtunzi wa muziki wa Hungaria, alikusanya nyimbo hizi mwaka 1913, doina huitwa hora lungă. Na katika uimbaji wa kaskazini yapo yanayoitwa mafundo: sauti hukatika ghafla kooni, kana kwamba imekabwa, kisha huendelea. Mtu aliyeelemewa na maneno ya wenzake anaimba huku sauti yake mwenyewe ikikwama kooni, nasi tunaandika kwamba hilo ni pambo.

Muda umenibana, kwa hiyo strigături, zile beti fupi zinazotupwa kwa sauti katikati ya dansi, nitazitaja tu: humo anayesemwa yumo uwanjani, na anaweza kurudisha kijembe papo hapo. Katika doina hayupo wa kurudishiwa. Sasa nitawawekea kanda. Naomba mlisikilize koo kwanza, maneno nitawafasiria baadaye.