Vitanzi Viwili, Mstari Mmoja

Mhadhara kwa vijana wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, Kigoma mjini

Wakubwa shikamooni. Vijana, karibuni. Leo nataka tukae na mstari mmoja tu, ule unaobeba vitanzi viwili, yaani amri mbili za `for` za kurudia kazi, kwa sababu hapa ndipo wengi huanza kukariri na kuacha kufikiri.

Tuna mialo miwili, yaani sehemu za kushushia samaki: Kibirizi na Ujiji. Tuna samaki watatu: dagaa, mgebuka, kuhe. Tunataka kila mwalo uandikwe na kila samaki. Njia ndefu mnaijua:

```
jozi = []
for m in mialo:
    for s in samaki:
        jozi.append((m, s))
```

Kitanzi cha nje kinashika Kibirizi na kutulia hapo. Cha ndani kinapita kwa dagaa, mgebuka, kuhe, mpaka kimalize. Ndipo cha nje kinahamia Ujiji, na cha ndani kinaanza upya na dagaa. Jozi 6.

Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2000, Python inaturuhusu kuandika hivi:

```
jozi = [(m, s) for m in mialo for s in samaki]
```

Tazameni kilichohama. Ni ile `(m, s)` peke yake: ilikuwa chini kabisa, imepandishwa mbele. Vitanzi havikubadilishana nafasi. Cha kushoto ndicho cha nje. Wengi wakiona jibu limetangulia, hudhani kitanzi kilicho jirani nalo ndicho cha ndani. Sivyo.

Sasa hizi ni kilo za dagaa za mitumbwi miwili, kwa siku mbili:

```
kilo = [[5, 8], [3, 9]]
[x for siku in kilo for x in siku]
```

Tunapata `[5, 8, 3, 9]`. Ukivigeuza vitanzi, ukaandika `[x for x in siku for siku in kilo]`, Python inagoma: jina `siku` halijulikani, maana umelitumia kabla hujalitaja. Na hapo ushukuru imegoma! Kama juu yake ulishaandika `for siku in kilo:` kwa njia ndefu, jina `siku` limebaki na `[3, 9]`. Basi haigomi. Inakupa `[3, 3, 9, 9]`, kimya, na wewe unapeleka hesabu hiyo kwa mwenye mtumbwi.

Mabano yakiingia ndani ya mabano, mambo ni mengine:

```
[[x * 2 for x in siku] for siku in kilo]
```

Jibu ni `[[10, 16], [6, 18]]`. Umbo la siku kwa siku limebaki. Mbona cha nje sasa kiko kulia? Kwa sababu mabano yote ya ndani ndiyo jibu lililopandishwa mbele, nayo hufanywa upya kwa kila siku.

Vitanzi vikifika vitatu, mimi narudi njia ndefu, na ninyi nawashauri hivyo hivyo.

Haya, chukueni karatasi kabla ya kompyuta. Andikeni mnachotarajia kutoka kwa `[(s, m) for s in samaki for m in mialo]`, jozi zote, kwa mpangilio wake.