Kidole cha Mguu Kinapotunga Usaha Safarini: Mwongozo kwa Walimu

Karibuni, walimu na wazazi. Leo tutaangalia tatizo linaloweza kumpata mwanafunzi yeyote katika ziara ya siku mbili tatu kutoka Nairobi kwenda Naivasha au Nakuru: kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma kandokando ya ukucha, aghalabu baada ya ukucha kukatwa mfupi mno pembeni, au baada ya mtoto kushinda ndani ya viatu vya shule vinavyobana na soksi zilizolowa jasho. Safarini, mwalimu hatakiwi kuwa daktari; anatakiwa kuuweka mguu safi na mkavu, na kutambua mapema iwapo uambukizi unaenea.

Nawa mikono kwa sabuni, mketishe mtoto penye mwanga, kisha mvue viatu na soksi za miguu yote miwili ili ulinganishe mguu unaouma na ule mzima. Hatua hii isiharakishwe. Mara nyingi tunafundishwa kutafuta wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Utakachoona ni ngozi iliyokolea weusi au zambarau, au inayong'aa kwa kuvutwa na uvimbe. Kwa hiyo pitisha mgongo wa mkono wako taratibu kutoka kifundoni hadi kidoleni, ulipate joto linapoanzia, kisha bonyeza kwa upole huku ukimwomba mtoto akuambie maumivu yanaishia wapi. Kwenye mpaka huo chora mstari kwa kalamu na uandike saa pembeni yake. Wino usipoonekana vyema, bandika vipande vyembamba vya plasta.

Angalia pia katikati ya vidole. Ngozi nyeupe inayobambuka na kuwasha huenda ni fangasi, ambayo huhitaji ukavu na krimu yake, wala si kuloweka. Ukiona kidoa cheusi cha funza, usikichokoe kwa pini.

Sasa chemsha maji, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika kila nusu lita. Mtoto aloweke mguu kwa dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Baada ya hapo ukaushe kabisa, hasa katikati ya vidole, na ufunike kidole kwa shashi safi bila kukikaza. Usikikamue, usikate ukucha, wala usipake dawa ya meno au majivu, hata kama dereva wa basi anaapa kwamba yalimponya yeye. Mtoto avae ndala au viatu vya wazi, na matembezi ya bondeni Hell's Gate yampite safari hii.

Mpigie mzazi simu kabla ya kutoa dawa yoyote. Paracetamol hutolewa kwa kufuata uzito wa mtoto na maelezo ya pakiti. Aspirini haimfai mtoto, na antibiotiki zilizobaki kwa mwenzake zisiguswe.

Kagua mstari wako kila baada ya saa chache, usiku pia kabla ya kulala. Uvimbe ukiuvuka, usaha ukijikusanya, michirizi ikipanda kuelekea kifundoni, mtoki ukijitokeza kinenani, homa ikifika nyuzi 38 au mtoto akishindwa kukanyaga, mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Mwenye kisukari au selimundu (sickle cell) asisubiri dalili hizo; apelekwe mara moja. Na ikiwa alichomwa na msumari au mwiba, mwambie muuguzi, ili aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Andika saa za kuloweka na dawa alizopewa, umkabidhi mzazi au daktari karatasi hiyo, na mstari usifutwe kabla hawajauona.